Kutikisika Mbele ya Mkwe

Tabora nilikozaliwa, mtu na mama mkwe wake hawakai mkeka mmoja. Baba yangu alikuwa Mwarabu wa Oman aliyezaliwa hukohuko Tabora, lakini mila hiyo aliishika kuliko hata wenyeji. Mama mzaa mkewe akitokea upande huu wa barabara, yeye anahamia upande wa pili. Nilipokuja Maskati nikiwa kijana na baadaye kuoa katika familia iliyotoka Unguja, nilikuja na adabu hiyo kifuani. Mama mkwe wangu aliishangaa. Alipofiwa na mumewe akahamia kwetu, na kwa miaka yote aliyokaa chini ya paa langu nilimwamkia nikitazama zulia. Yeye huniita mwanangu. Mimi humwita Mama, kwa sauti ya chini, na nikishamwita sina la zaidi.

Kazi yangu ni kuuza magari. Duka letu liko Wattaya, kwenye safu ile ya maduka ya magari yenye vioo vikubwa, na nyumba yetu haiko mbali na hapo. Nilikuwa napenda kazi hii. Nilijua kumfungulia mteja mlango, kumkalisha kwenye kiti, kumwachia kimya kidogo anuse ngozi mpya, ndipo nianze kusema.

Siku maji yalipotukuta tulikuwa tunarudi kutoka Amerat, mimi na Mama tu. Alikuwa amekwenda kumtazama dada yake aliyevunjika nyonga. Mke wangu ni mwalimu, na siku hiyo alikuwa kwenye mitihani. Mama alikaa kiti cha nyuma kama ilivyo desturi yetu. Juu yetu jua lilikuwa kali. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko majabalini, na sisi hatukuwa na habari. Barabara ile inapita ndani ya wadi, bonde ambalo karibu mwaka mzima ni mawe na vumbi tu. Gari zilizotutangulia zikasimama, nami nikasimama. Nikasikia mlio kama wa lori linalomwaga kokoto, na kabla sijageuza shingo maji ya rangi ya chai ya maziwa yakatupiga ubavuni.

Gari ilizima. Ikageuka taratibu, ikaburutwa, ikaegemea kwenye ukingo wa chuma wa barabara na kukwama pale. Nikasikia kufuli za milango zikijifunga zenyewe, tlak, zote kwa pamoja. Vioo havikushuka. Maji yalipanda kwenye miguu, kwenye mapaja, kwenye kifua. Nyuma yangu Mama alikuwa anasoma dua, sauti yake haijapanda wala kushuka. Nikachomoa mto wa kichwa wa kiti, kitu ambacho nimewaeleza wateja mara nyingi bila kufikiri kwamba kitanihusu, na kwa vyuma vyake nikapiga kioo mpaka kikavunjika. Kisha nikamshika mkono. Sikuwahi kuugusa mkono ule tangu nimwoe binti yake. Nikamkumbatia kiunoni, nikamsukuma nje kwa bega, na watu wa lori la maji safi lililokuwa nyuma yetu wakamdaka, wakaturushia kamba, wakatuvuta mpaka kwenye jiwe kubwa. Ushungi wake ulikwenda na maji. Dereva wa lori akampa blanketi, naye akajifunika kichwa, akaniuliza kama nimeumia.

Nilisema hapana. Na kweli, zaidi ya mikwaruzo tulikuwa wazima. Ndugu na jirani walimiminika nyumbani, wakaketi barazani, wakanywa kahawa na kula halua, wakamshukuru Mungu. Kila aliyekuja alisema tumezaliwa upya. Walipoondoka nilidhani yamekwisha.

Yakaanza. Siku niliyorudi kazini mteja alikaa nami ndani ya gari mpya, akafunga mlango, kufuli zikajifunga, na mimi nikajikuta niko nje, nimeshika ukuta, jasho linanitoka mpaka kwenye kanzu. Sikukumbuka nimetokaje. Nikamwambia ni sukari. Safari ya pili nikasema ni njaa. Ya tatu mwenye duka akaniita pembeni, akasema kwa upole kwamba kwa sasa nikae ofisini nishughulikie bima na makaratasi. Gari yangu ilikuwa imekufa, na ile mpya niliyolipwa na bima sikuigusa. Nilikwenda kazini kwa miguu katika joto la Maskati, na nikifika nimelowa chapachapa, vijana wa dukani wanaangalia kando. Muuza magari asiyeweza kukaa ndani ya gari. Nilijicheka mwenyewe, lakini kicheko hakikufika mbali.

Mama naye alibadilika kwa namna yake. Aliacha kupika. Mwanamke ambaye harufu ya bizari zake ilikuwa inakupokea ukiwa bado kwenye ngazi, sasa alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na mlango wa mbele tangu asubuhi, mkoba mapajani, viatu miguuni. Ndani ya nyumba, juu ya zulia, viatu. Mke wangu alimwomba avivue, akamwambia atavivua baadaye. Chakula alikula akiwa navyo. Hata kitandani alipanda navyo, na mke wangu akawa anamvua akishalala, na asubuhi anavikuta vimerudi miguuni.

Mke wangu ndiye aliyesikia habari za lile kundi. Katika kituo kimoja cha afya kulikuwa na mtaalamu wa nafsi, mwanamke wa makamo aliyekulia kwenye nyumba ya Kiswahili kama zetu, aliyekuwa akikutana na watu waliopatwa na misiba na ajali. Aliwafundisha kuutuliza mwili ili na akili ipate kupumzika. Kundi moja aliliendesha kwa Kiswahili, kwa ajili ya wazee ambao maumivu yao hayakuwa na maneno ya Kiarabu. Mke wangu alituomba twende. Mimi nilikataa, nilisema mimi si mgonjwa, nina kazi. Baada ya siku kadhaa Mama akasema atakwenda kwa sharti kwamba mimi nimpeleke na nikae naye ndani. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa ananipeleka yeye. Wakati ule niliona tu kwamba siwezi kumkatalia mkwe.

Tulikwenda kwa teksi, vioo vyote vimeshushwa, mkono wangu kwenye kitasa cha mlango njia nzima. Mama upande wa pili alikuwa ameshika kitasa chake.

Chumba kilikuwa na mazulia na viti vya duara, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Hatukuwa wengi. Mtaalamu, ambaye wote tulimwita Daktari, hakutuuliza yaliyotupata. Alitwambia tuweke mkono juu ya tumbo, tulilegeze tumbo, tuvute pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo, polepole, mkono ukipanda na kushuka. Mzee mmoja, polisi mstaafu, aliuliza kama mambo haya hayaingiliani na dini. Daktari alimjibu kwamba pumzi ni ya aliyetupa, na kwamba anayetaka kuivuta huku anamtaja aliyetupa, na avute. Mzee akaridhika, akaanza kuvuta kwa nguvu kama anayepuliza jiko, mpaka akaambiwa apunguze.

Jambo moja alilolisema Daktari siku ile nimelibeba mpaka leo. "Siku ile ya hatari mwili wenu ulifanya kazi nzuri sana, ukawatoa," alisema. "Shida ni kwamba mpaka sasa haujaambiwa kuwa kazi imekwisha. Na kwa maneno hauambiliki. Ndiyo maana tunauambia kwa pumzi."

Nilikuwa nimejiona mtu dhaifu. Kusikia kwamba ule mwili uliokuwa unanitupa nje ya magari ya watu ndio uliovunja kioo na kumtoa Mama, kulinifanya niutazame kwa jicho jingine. Nilirudi nyumbani nikauwekea mkono tumboni, nikaupumulia, na mara ya kwanza baada ya muda mrefu nililala mpaka adhana.

Wiki iliyofuata Daktari alileta sahani ya tende. Kila mtu alipewa moja, akaambiwa asiile kwanza: aishike, aitazame, ainuse, aiweke ulimini, aisikilize inavyofunguka. Nilimwona Mama anaigeuzageuza ile tende kama anayetafuta alama.

"Mie nshakula tende umri wangu mzima," alisema, "leo nnafunzwa kula tende."

Watu walicheka. Lakini aliiweka mdomoni, akafumba macho, na alikaa nayo kuliko sote. Alipofumbua alisema ilikuwa tamu, kwa sauti ya mtu aliyesahau kwamba vitu huwa vitamu. Jioni ile alimwuliza mke wangu kama nyumbani kuna iliki.

Kisha ikaja siku ya kutikisika. Daktari alieleza kwamba mnyama akinusurika hujitikisa mwili mzima, hofu ikatoka, akaendelea na malisho. Binadamu huona aibu, akaifungia ndani. Akatutaka tusimame, tuachie magoti, mabega, mikono, shingo, tutikisike mpaka tuchoke, kisha atatuwekea ngoma ya kidumbaki na kila mtu aucheze mwili wake unavyotaka. Polisi mstaafu alitazama mlango. Mimi nilitazama zulia. Nimeshatembea nimelowa jasho mbele ya vijana wa dukani, lakini kutikisa mwili mbele ya mama mzaa mke wangu! Nilimfikiria baba yangu akihamia upande wa pili wa barabara. Nikabaki nimesimama kama mlingoti, mikono imebana ubavuni.

Mama alivuka duara kutoka upande wa wanawake, akaja kusimama mbele yangu. Alinitazama usoni, na safari hii nilimtazama.

"Mwanangu, tikisika," alisema. "Mie nshakuona umeroa matope mpaka utosini, na weye ushaniona kichwa wazi. Aibu gani ilobaki?"

Akaanza yeye. Mabega yale ya miaka mingi ya kukuna nazi yakaanza kucheza, kisha mikono, kisha magoti, viatu vyake vinapigapiga zulia. Nami nikaachia. Kwanza vidole tu. Halafu kitu kama mkondo kikapita mgongoni, meno yakagongana, miguu ikatetemeka yenyewe bila mimi kuitetemesha, na nikasikia sauti inatoka kooni mwangu ambayo sikuijua. Nililia nikiwa nimesimama, nikitikisika, kofia imeanguka sijui wapi. Hakuna aliyenigusa wala kunikataza. Ngoma ilipowekwa nilikuwa bado nalia na tayari nacheza, na Mama anacheza mbele yangu, na yule polisi ana mikono juu kama yuko harusini.

Tulipokaa, kila mtu akihema, Mama akasema bila kuulizwa. Alisema alipokuwa mtoto, Unguja, katika siku za machafuko, mama yake aliwaweka yeye na nduguze nyuma ya mlango na kuwaambia wasivue viatu, wakiambiwa kimbia wakimbie. Walikaa hivyo mchana kutwa na siku zilizofuata, mpaka walipoondoka. Wote walinusurika. Hakuna aliyewahi kuja kuwaambia kwamba sasa waweza kuvua. Alikuwa amelisahau jambo hilo, alisema, au alidhani amelisahau, mpaka maji ya wadi yalipomwingia kwenye vidole.

Daktari alimwuliza kama angependa mtu amwambie sasa. Mama alifikiri, akasema atajiambia mwenyewe. Akainama. Ilimchukua muda, kwa sababu mgongo wake haukunjiki vizuri, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akavua kimoja, akavua kingine, akavisukuma chini ya kiti kwa kisigino, akaweka nyayo zake kwenye zulia na kuvichezesha vidole. Mwanamke aliyekaa karibu naye alimshika goti. Mama alirudi nyumbani viatu vikiwa kwenye mfuko wa plastiki, miguu mitupu kwenye teksi, na tulipofika alikwenda jikoni moja kwa moja.

Siku chache baadaye nami nilianza kujizoesha kukaa ndani ya gari. Daktari alinishauri niende kwa kiasi ambacho mwili unakubali, bila kuulazimisha. Asubuhi kabla wateja hawajaja, nilikaa ndani ya gari moja dukani, mlango wazi, mkono tumboni. Nilipoweza hilo, nikaufunga mlango na kushusha kioo. Nilipofika kwenye kufunga kila kitu nilikwama. Mwili ulikataa kabisa. Nilimwambia mke wangu, na Mama akasikia kutoka jikoni.

Kesho yake alikuja dukani, peke yake, kwa teksi, amevaa vizuri, na bakuli la mandazi. Akawapa vijana mandazi, akamwomba ruhusa mwenye duka, akafungua mlango wa mbele wa gari nyeupe iliyokuwa karibu na kioo cha barabarani, na akaketi. Kiti cha mbele, pembeni yangu. Miaka yote ile hakuwahi.

"Haya," alisema, "funga."

Nilifunga. Kufuli zikasema tlak. Nikaanza kuhema, na nikasikia pumzi yake pembeni, ndefu, ya tumboni, kama mtu anayepooza chai, na nikaifuata. Tulikaa hivyo tumefumba macho sote wawili, mikono kwenye matumbo, nyuma ya kioo kikubwa, Wattaya nzima inapita. Mteja mmoja alikuja akatutazama kupitia dirishani, akagonga kidogo, akauliza kwa Kiarabu kama tuna tatizo.

Mama alifumbua jicho moja, akamjibu kwa Kiarabu kwamba tunaisikiliza gari. Yule bwana akatikisa kichwa kwa heshima, akaizunguka gari, akasema atarudi. Hakurudi. Lakini mimi nilibaki ndani, na kitambo kidogo nikagundua kwamba nilikuwa nacheka, na kwamba kifua changu kilikuwa kimetulia muda mrefu bila mimi kukiangalia.

Ijumaa moja asubuhi niliwasha gari yangu mpya, nikamchukua Mama na binti yake. Mke wangu alikaa nyuma kwa hiari yake. Nilipita Matrah, nikafuata barabara ya pwani hadi Maskati ya zamani, nikapanda vilima hadi Bustan, na huko tukala samaki ufukweni. Jasho lilinitoka mara mbili njiani. Kila lilipotoka nilisimamisha gari pembeni, nikatikisa mikono na mabega pale kwenye usukani, na mke wangu nyuma akatikisa yake, na Mama akatikisa yake, mpaka gari nzima ikawa inayumba. Familia moja iliyopita ilitushangilia kwa honi ikidhani tuna harusi.

Wiki iliyofuata tuliingia wadi ile, kwenda Amerat. Vioo vimefungwa, kiyoyozi kimewashwa. Nilipofika mahali penyewe niliona ukingo wa chuma umeshanyooshwa na kupakwa rangi. Nilitaka kupita mbio. Mama akaniomba nisimame kwenye maegesho yaliyo mbele kidogo. Tulishuka, tukatembea hadi lile jiwe kubwa, tukasimama juu yake. Chini yetu palikuwa pakavu, mbuzi wawili wanakula majani yaliyoota baada ya maji.

"Tulikuwa tufe hapa," alisema Mama. "Na tuko hapa."

Aliupiga mguu wake chini kwenye jiwe, akacheka kwa nguvu hadi majabali yakamrudishia. Nikapiga na mimi. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda, na sina neno jingine la kuiita. Halafu tukaenda kwa dada yake, ambaye nyonga yake ilikuwa imepona na alikuwa na njaa ya mazungumzo.

Nimerudi kuuza magari. Na Daktari ameniomba nimsaidie kundi jipya la wanaume tu, maana anasema wanaume wakiona mwanamume mwenzao ametikisika huona inawezekana. Siku ya kwanza walikaa kwenye viti vyao mikono imekunjwa kifuani: dereva wa gari la wagonjwa, mvuvi aliyepoteza kaka, mhasibu ambaye nyumba yake iliungua, wengine. Niliwaambia niliyoyaona, kisha nikasimama katikati ya duara, nikaachia magoti, nikaanza. Kwa muda nilikuwa peke yangu, mtu mzima wa miaka zaidi ya hamsini, tumbo linaruka ndani ya kanzu, na sikuona aibu yoyote. Mvuvi akasimama. Akafuata mhasibu. Dereva wa gari la wagonjwa alitazama mlango, akatazama zulia, akavua kofia yake, akaiweka vizuri juu ya kiti, akaja.